Mita 630 kutoka Iringa: kabla hujanunua amplifaya

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, naishi nje kidogo ya mji wa Iringa. Nina leseni ya redio ya ridhaa na redio ya HF (masafa ya juu) ya wati 100 ninayoitumia kwenye mita 40 na mita 20. Nimesoma habari za WSPR, mfumo wa kompyuta wa kurusha ujumbe mfupi kwa nguvu ndogo, kwenye masafa ya chini, bendi ya mita 630 na ile ya mita 2200, nikavutiwa sana. Nimeambiwa wati moja tu inavuka bara zima, na kwamba kompyuta inasoma ishara iliyozama chini ya kelele. Naomba unisaidie mambo manne. Dipole yangu ya bendi ya mita 40 (antena ya waya wa mikono miwili), iliyopandishwa mita 12, itafaa nikiiunganisha na tyuna, kile kifaa cha kulinganisha antena na redio? Nikitumia FST4W, ndugu yake WSPR, ya dakika 30 badala ya WSPR yenyewe, si itakuwa bora zaidi? Kuna amplifaya ya wati 500 nimetajiwa bei, niichukue? Na kwa nini nikiweka redio kwenye kilohezi 474 usiku nasikia mngurumo mtupu, sioni ishara hata moja?"

Marahaba, Mwalimu. Maswali yako manne yana mzizi mmoja: umeambiwa kuwa programu imeshamaliza kazi, kwa hiyo kilichobaki ni kuongeza nguvu. Sivyo. WSPR na ndugu zake zinamsaidia anayepokea. Kwako wewe unayerusha, fizikia ya waya mfupi juu ya udongo mkavu iko palepale ilipokuwa enzi za Marconi, mwasisi wa redio, na huko ndiko fedha na jasho lako vinakotakiwa kwenda. Amplifaya iache dukani. Dipole itafaa, ila si kwa namna unayofikiria, na tyuna yako haina kazi hapa. FST4W ya dakika 30 iweke kando kwanza. Kuhusu mngurumo, una kelele za aina mbili zilizochanganyika, moja unaiweza na nyingine huiwezi.

Nianze na hiyo wati moja, maana ndiyo inayopotosha watu wengi. Si wati moja inayotoka kwenye redio. Ni wati moja ya EIRP, yaani nguvu inayoondoka kwenye antena ikilinganishwa na antena ya kinadharia inayosambaza sawasawa pande zote. Kwenye mita 40 tofauti kati ya nguvu ya redio na nguvu inayoondoka ni ndogo, hata huifikirii. Kwenye kilohezi 475 wimbi lina urefu wa mita 631. Robo yake ni karibu mita 158, na wewe una mlingoti wa mita 12. Antena fupi kiasi hicho inarusha mawimbi kwa shida mno, na karibu nguvu yote unayoipeleka inaishia kuupasha udongo joto.

Tupige hesabu, wewe ni mtu wa fizikia. Waya wima wa mita 12 wenye waya wa mlalo wa mita 20 juu yake una ukinzani wa kurusha mawimbi wa kama omu 0.35. Ndiyo, sehemu ya omu moja. Ukinzani unaokula nguvu bure, yaani wa udongo, koili na miti iliyo karibu, kwa kawaida uko kati ya omu 30 na 100. Ili upate wati 1 ya EIRP unahitaji kurusha theluthi ya wati, kwa sababu antena ya wima juu ya ardhi inaelekeza nguvu yake karibu na upeo wa macho na kukupa faida ya mara tatu. Theluthi ya wati kwenye omu 0.35 ni mkondo wa karibu ampea 1. Basi kama upotevu wako wote ni omu 50, redio lazima itoe wati karibu 48. Ukiupunguza hadi omu 30, wati 29 zinatosha. Ukiuacha kwenye omu 100, utahitaji wati 95 na zaidi kidogo.

Sasa iangalie ile amplifaya. Wati 500 kwenye antena ya omu 50 zingekupa EIRP ya wati kumi na ushee, na huko ni kuvunja sheria. Nyaya za ethi, yaani zile zinazotandazwa ardhini chini ya antena, zinakupa ongezeko la namna hiyohiyo bila kuongeza hata wati moja ya umeme. Nguvu unayoihitaji haizidi wati 100, tena mara nyingi ni nusu yake.

Kuhusu kusoma ishara iliyo chini ya kelele: ni kweli, ila namna inavyosemwa inaifanya ionekane uchawi. Ripoti za WSPR zinapima kelele ndani ya upana wa hezi 2500, ambao ni upana wa sauti ya kawaida ya SSB, mtindo wa kuongea kwenye redio. Ishara yenyewe ni toni nne zilizopishana hezi 1.46, na zote kwa pamoja zinachukua kama hezi 6. Ukigawanya 2500 kwa 1.46 unapata karibu 1,700, ambayo ni desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha uwiano wa nguvu). Kwa hiyo ishara iliyoripotiwa kuwa na desibeli 28 chini ya kelele, ukiipima ndani ya upana wa toni moja peke yake, iko desibeli 4 juu ya kelele. Programu haifufui kilichokufa. Inakataa tu kusikiliza kelele ambayo haiihusu.

Jambo la pili ni uchache wa maneno. Ujumbe mzima wa WSPR ni biti 50: herufi za mwito wako, mraba wako wa ramani, ambao kwa Iringa ni KI72, na nguvu yako kwa dBm, yaani desibeli zinazohesabiwa kutoka miliwati 1. Biti hizo 50 zinasambazwa kwenye vipande 162 na kurushwa kwa sekunde 110.6, yaani chini ya nusu biti kwa sekunde. Ni kama abiria aliyesinzia stendi: makonda kumi wanapiga kelele kwa pamoja, yeye anaamka kwa jina la kituo chake tu, kwa sababu ndilo alilokuwa analisubiri. Programu inajua ujumbe unaanza sekunde moja baada ya dakika shufwa, inajua una umbo gani, na inajua ni mifuatano ipi ya vipande inayowezekana na ipi haiwezekani. Aliyeibuni na kuitoa mwaka 2008 ni Joe Taylor, mwanafizikia wa Princeton aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa, nyota inayotoa mapigo ya redio, iliyo kwenye mfumo wa nyota pacha. Mtu aliyezoea kutafuta mapigo hafifu ya nyota hakushangazwa na mlio wa redio ya jirani yake.

Hapo utaona kwa nini saa ya kompyuta ni jambo la kufa na kupona. Ikipotea sekunde mbili tatu, programu inatafuta ujumbe mahali usipo. Kama intaneti yako ni ya kusuasua, nunua kipokezi kidogo cha GPS cha USB, ni rahisi na kinamaliza tatizo hilo moja kwa moja.

Swali la FST4W ni zuri, na aliyekushauri hakukudanganya. FST4W ilikuja na toleo la 2.3 la WSJT-X, programu ileile inayoendesha WSPR, na ina urefu wa aina nne: sekunde 120, 300, 900 na 1800. Ile ya 120 inaishinda WSPR kwa desibeli moja na kitu. Ile ya 1800 inaongeza desibeli kama 12 juu ya hapo, na inasoma ishara iliyo desibeli 45 hivi chini ya kelele. Lakini gharama yake ni kubwa. Toni zake zimepishana chini ya sehemu moja ya kumi ya hezi. Kwenye kilohezi 475, hiyo ni sehemu 0.2 kwa milioni. Redio ya kawaida ya HF inayumba zaidi ya hapo feni yake ikiwaka tu. Na hata redio yako ikiwa imefungwa kwenye GPS, tabaka la ionosfia, lile la angani linalorudisha mawimbi ardhini, lenyewe linapanda na kushuka usiku na kuitanua ishara, na kwenye mita 630 mtanuko huo unatosha kuharibu ujumbe wa nusu saa. Mahali pa FST4W-1800 ni mita 2200, ambako anga limetulia zaidi.

Kuna sababu nyingine inayokuhusu wewe unayeanza. Usiku wetu wa saa 12 una nafasi 360 za dakika mbili. Ukirusha asilimia 20 ya nafasi hizo, ni ujumbe 72. Kwa dakika 30 una nafasi 24, na asilimia 20 yake ni ujumbe tano. Mtu anayerekebisha antena anahitaji majibu mengi na ya haraka. Anza na WSPR, ukizoea nenda FST4W-120, na 300 ijaribu pale utakapokuwa na mtu maalumu unayemtafuta.

Sasa mngurumo. Zima umeme wa nyumba yote kwenye swichi kuu, washa redio kwa betri ya gari, usikilize tena kilohezi 474. Kelele ikishuka kwa kiasi kikubwa, adui yupo ndani: chaja za simu, taa za LED za bei rahisi, king'amuzi, na kama una sola, yule mdhibiti wa chaji na inveta. Hivi viwili vya mwisho ndivyo vibaya kuliko vyote kwenye masafa haya, na jua likizama mdhibiti hunyamaza lakini inveta ndiyo kwanza inaanza kazi. Washa kifaa kimoja kimoja hadi umpate. Dawa ni pete za feraiti kwenye nyaya za kifaa, mizunguko kumi na zaidi, maana mzunguko mmoja kwenye masafa ya chini hivi haufanyi kitu; au kukitupa na kununua kingine.

Kelele ya pili ni radi. Masafa haya yanabeba umeme wa radi kutoka mbali sana usiku, na sisi tumekaa jirani na Bonde la Kongo na Ziwa Victoria, maeneo yenye radi nyingi kupita kiasi duniani. Kuanzia Desemba hadi Aprili, Iringa yenyewe ikiwa kwenye mvua, usitarajie makubwa. Kipindi chako ni Juni hadi Septemba, kiangazi, dhoruba zikiwa zimehamia kaskazini mwa ikweta. Hapo tuna bahati ambayo wenzetu wa Ulaya hawana: usiku wetu hauwi mfupi. Wao wakati wa kiangazi chao wanapata saa chache za giza, sisi tabaka la D, lile la angani linalomeza mawimbi mchana, linatupisha kwa karibu saa 12 mwaka mzima.

Kupokea usitumie antena ya kurushia. Tengeneza kitanzi cha waya, mita moja upande, chenye kapasita ya kukiweka sawa na kikuza ishara kidogo, ukiweke mbali na nyumba kadiri kebo inavyokuruhusu. Kitanzi kinaweza kugeuzwa: kizungushe taratibu hadi kelele ya jirani ishuke. Redio nyingi za HF pia zimefanywa kuwa viziwi kwa makusudi chini ya megahezi 1.6 ili stesheni za AM zisizizidi nguvu, kwa hiyo huenda redio yako ina tatizo hilo juu ya mengine. Kuna kipimo chepesi: ukichomoa antena na kelele isibadilike, redio yenyewe ni kiziwi. Kipokezi kidogo cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, kinachoshuka hadi masafa haya kitakusaidia kuliko kuhangaika nayo. Na ningependa upokee kwa wiki kadhaa kabla hujafikiria kurusha. Asiyesikia hana sababu ya kusema.

Tufike kwenye dipole. Usiilishe kama dipole. Mita 20 za waya kwenye wimbi la mita 631, zikiwa mita 12 tu kutoka ardhini, hazirushi chochote cha maana, na tyuna ya HF haina koili ya kutosha kuifikia. Lakini muundo ulio nao unageuka kuwa antena ya umbo la T kwa dakika chache. Pale chini kebo inapoishia, unganisha waya wa kati na wavu wake viwe kitu kimoja. Sasa kebo yote ni waya wima, na mikono miwili ya dipole ni kofia iliyo juu yake. Kofia hiyo hairushi sana, kazi yake ni kuuvuta mkondo ufike juu badala ya kufifia njiani, na ndiyo inayokupa ile omu 0.35. Bila kofia ungepata karibu omu 0.14.

Kuna mambo mawili ambayo mafundi wengi huyasahau hapa. Kama katikati ya dipole kuna baluni ya kuzuia mkondo, iondoe, kwa sababu inazuia mkondo uleule unaoutaka. Na kebo lazima ishuke wima moja kwa moja hadi kwenye koili, mbali na mlingoti kama ni wa chuma, isitambae ardhini wala kuingia ndani. Kama bado hujasimamisha mlingoti wa pili, nguzo za mkaratusi kutoka Mufindi ni nzuri na bei yake haiumizi. Mbao kavu haili nguvu kama mti mbichi. Miti mibichi iliyokaribiana na antena inakula nguvu kimyakimya, na hata kuikata matawi ya upande mmoja tu huleta tofauti inayopimika.

Antena hiyo ina uwezo wa kuhifadhi umeme, kama kapasita, wa pikofaradi 170 hivi, ambao kwenye kilohezi 475 ni karibu omu 2,000 za kukinza. Lazima uzifute kwa koili ya mikrohenri 600 hadi 700. Chukua ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye kipenyo cha sentimita 28 hivi, usichukue nyeusi kwa sababu weusi wake mara nyingi ni kaboni, na kaboni inapata moto. Zungushia waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, mizunguko kama 50 iliyokaribiana. Utatumia mita 45 hivi. Toa vituo vya kuunganishia kwenye mizunguko ya mwisho kumi, kila mzunguko mmoja. Kwa marekebisho madogo, weka ndani ya ndoo koili ndogo ya mizunguko mitano au sita iliyounganishwa kwa mfululizo, inayoweza kugeuzwa kwa kijiti. Utaihitaji, kwa sababu mvua ikilowesha waya, au upepo ukiuyumbisha, antena inahama.

Ukifikia mwitiko, yaani koili ikilingana na antena, mkondo wa antena unapanda ghafla. Upime kwa transfoma ndogo ya mkondo: pete ya feraiti, mizunguko kadhaa ya waya mwembamba, diodi na mita ya sindano. Mkondo huo ndio mita yako ya kila siku, si SWR, kile kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena. Kama ukinzani wote umeangukia karibu na omu 50, kebo ya redio inaunganishwa moja kwa moja kwenye mguu wa koili. Kama uko juu au chini, transfoma ya feraiti yenye vituo vichache inamaliza kazi. Kisha EIRP ni hesabu ya dakika moja: mkondo mara mkondo, mara omu 0.35, mara tatu.

Ethi ndiyo sehemu ninayotaka uitese. Nondo moja kwenye udongo mwekundu wa Iringa mwezi Agosti ni mapambo. Tandaza nyaya kutoka mguu wa antena kama miali, nyingi fupi kuliko chache ndefu. Urefu unaolingana na mlingoti wako, mita 12 hadi 20, unatosha. Anza na nane, pima mkondo, ongeza nane, pima tena. Mkondo ukiacha kupanda, umefika. Zifukie sentimita chache tu. Sitakushauri shaba, na sababu unaijua: itachimbwa usiku. Waya wa aluminiamu au wa mabati unafanya kazi inayokubalika, ila viungo vyake uvikaze vizuri na kuvipaka grisi. Paa la bati usiliunganishe hadi uwe na uhakika wa viungo vyake. Bati lenye kutu linazalisha kelele na mchanganyiko wa masafa ambayo hukuyarusha.

Redio yako ya wati 100 huenda imefungwa isirushe nje ya bendi za HF. Usiivunje kufuli hilo kwa haraka. Hata zile zinazofunguka, machujio yake ya ndani hayakutengenezwa kwa kilohezi 475. Njia safi ni kisambazaji kidogo cha WSPR chenye GPS, kama U3S ya QRP Labs, ambayo unaiunga mwenyewe kwa vipuri vyake, ukifuatisha na hatua ya kukuza nguvu ya transista za MOSFET ya wati 50. Hatua kama hizo zinatoa wimbi la mraba, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika: mara mbili ya 475 ni kilohezi 950, mara tatu ni 1425, na zote ziko katikati ya bendi ya AM. Jirani anayesikiliza taarifa ya habari atakuwa wa kwanza kujua kuwa umeanza utafiti. Weka chujio la kupitisha masafa ya chini lenye hatua mbili au tatu kabla ya antena.

Kwenye WSJT-X weka kilohezi 474.2 kwa mtindo wa USB (hapa ni upande wa juu wa wimbi, si soketi ya kompyuta), ishara zote za WSPR zinakaa kati ya 475.6 na 475.8. Asilimia ya kurusha iwe 20. Kwenye sehemu ya nguvu andika EIRP yako, si wati za redio. Wati 1 ni dBm 30. Wanaopokea wanalinganisha vituo kwa tarakimu hiyo, na ukiandika wati za redio unawapa picha ya uongo.

Mita 2200 iache kwa sasa, na nitakuonyesha kwa nini kwa antena hiyohiyo. Ukinzani wa kurusha unashuka hadi omu 0.03. Kwa wati 1 ya EIRP unahitaji ampea 3.3, na kama upotevu ni omu 100, redio itoe zaidi ya wati 1,000. Koili ni ya milihenri 8, na juu yake kuna volti zaidi ya 20,000. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye uwanja, mlingoti mrefu na uzoefu. Kupokea mita 2200, kwa upande mwingine, hakukudai chochote cha ziada. Kitanzi chako kikiongezewa kapasita kinaweza.

Leseni yako isome upya kabla ya yote. Bendi ya kilohezi 135.7 hadi 137.8 iliingizwa kwenye kanuni za kimataifa Geneva mwaka 2007, na ile ya 472 hadi 479 mwaka 2012, zote kwa daraja la pili. Maana yake huruhusiwi kumsumbua mwenye bendi, na akikusumbua huna pa kulalamika. Kwenye mita 630 wenye bendi ni pamoja na vinara vya ndege, yaani mitambo ya redio ya kuwaongoza marubani, na hapo hakuna mzaha. Kikomo ni wati 1 ya EIRP. Nchi inaweza kuruhusu hadi 5 katika maeneo yaliyo zaidi ya kilomita 800 kutoka mipaka ya orodha ya nchi fulani, na Komoro na Somalia zimo. Dar es Salaam iko ndani ya kilomita 800 kutoka Komoro. Iringa iko nje kidogo. Lakini hiyo ni ruhusa inayotolewa na nchi, hujipi mwenyewe. Waandikie TCRA, mamlaka ya mawasiliano, taja bendi, nguvu na antena, na subiri jibu la maandishi. Kwa msomaji aliyeko Muscat, hali ni nyingine: Oman ni kati ya nchi ambazo bendi hiyo imebaki ya meli na urambazaji wa ndege peke yake.

Umeuliza kuhusu kuvuka bara. Inawezekana, ila si kipimo cha kuanzia. Mtafute mwenzako mwenye kipokezi Mafinga, kilomita 80 hivi kutoka hapo, mjaribu mchana. Wimbi la ardhini halina bahati nasibu ya usiku: likifika kwa nguvu ileile kila siku, unajua mtambo umetulia, ukiongeza nyaya za ethi, ataona desibeli zikipanda. Usiku baada ya hapo, acha mtambo uite, na asubuhi angalia nani ameripoti kwenye hifadhidata ya WSPRnet. Jua tu kuwa wasikilizaji wa mita 630 kusini mwa Sahara ni wachache, kwa hiyo usiku usio na ripoti hauna maana kuwa ishara yako haikuruka.

Mwisho kuna mambo ya kutofanya peke yako. Kwa ampea 1, juu ya ile koili ya ndoo kuna volti 2,000, kilele chake karibu 2,800. Umeme wa RF hauumi kama wa ukutani, unachoma ndani kabla ngozi haijaonyesha; aliyeungua aende hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Jenga uzio kuzunguka mguu wa antena, watoto na mbuzi wasifike. Kusimamisha nguzo ya mita 12 kunahitaji watu wanne wenye kamba na anayewaongoza, na kama waya wa TANESCO uko ndani ya umbali ambao nguzo inaweza kuangukia, hamisha mahali. Ethi ya nyumba na ethi ya antena ziunganishwe na fundi umeme mwenye leseni, si kwa kubahatisha. Kama uko karibu na uwanja wa ndege wa Iringa, waulize TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla hujachimba shimo. Na wingu la radi likianza kujengeka, antena ichomolewe na kufungwa ardhini nje ya nyumba, bila kusubiri ujumbe uishe.

Ukikwama, niandikie tena, unitumie vitu vitatu: mkondo wa antena kwa ampea, urefu halisi wa sehemu ya wima, na idadi ya nyaya za ethi. Picha ya koili nayo inasaidia.